Saidi wa Mogadishu na wenzake waliofuata walimu ng'ambo ya bahari

Kuna mtu mmoja anaitwa Saidi, mtu wa Mogadishu, na habari zake zote tulizonazo zinaenea kwenye mistari michache tu ya kitabu cha safari cha Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14. Ilikuwa mwaka 1342 hivi, Ibn Battuta anapita pwani ya Malabar kule India, akashuka kwenye mji wa bandari aliouita Hili, akaingia msikitini na humo ndani akamkuta huyu fakihi, yaani mtaalamu wa sheria ya dini, kutoka upande wetu wa bahari. Anasema alikuwa mtu wa umbo zuri na tabia nzuri, anafunga mfululizo, alishakaa Makka miaka 14 na Madina miaka mingine 14, akajuana na Abu Numayy aliyekuwa amiri wa Makka na Mansur bin Jammaz aliyekuwa amiri wa Madina, halafu akazunguka India na kufika mpaka China. Basi. Ibn Battuta anaendelea na safari yake na Saidi hatumsikii tena.

Mi nikisoma hapo huwa nasimama. Miaka 28 Hijazi, halafu India, halafu China, na huyu ni mtu wa Mogadishu, karne ya 14, hakuna barua ya chuo, hakuna pasipoti, hakuna skolashipu ya serikali. Na sisi shuleni historia ya pwani tulifundishwa kana kwamba kazi yetu ilikuwa kukaa ufukweni kupokea wageni, Waarabu wakaja, Washirazi wakaja, Wareno wakaja, kila mtu anakuja na sisi tupo tu tunawatazama. Kumbe kuna watu wa huku waliokuwa wanatoka na kwenda mbali kuliko wengi wa hao waliokuja, na wengine walitoka kwa sababu moja tu, kumfuata mwalimu.

Swali nililokuwa nalo kuhusu Saidi ni la kawaida kabisa: alikuwa anakula nini? Maana miaka 28 ya kusoma ni miaka 28 ya kula, ya kulala mahali, ya kuumwa na kupona, ya kununua karatasi na wino, bado nauli ya jahazi, na hakuna palipoandikwa kwamba kwao walikuwa matajiri. Jibu lipo palepale Hili. Ibn Battuta anasema ule msikiti ulikuwa unaheshimiwa na Waislamu na wasio Waislamu wa pale, na mabaharia walikuwa wanauwekea nadhiri nyingi sana kwa hiyo hazina yake ilikuwa imejaa, inasimamiwa na khatibu aitwaye Husein pamoja na mkubwa wa Waislamu wa mji ule. Kutokana na hazina hiyo wanafunzi wanaokaa msikitini wanapewa posho, na kuna jiko linalopika chakula cha wasafiri na Waislamu masikini.

Yaani baharia kakamatwa na dhoruba katikati ya bahari, kanadhiria kwamba nikifika salama nitatoa kiasi fulani kwa msikiti wa Hili, kafika, katoa, na pesa ile ikaenda ikawa wali wa mwanafunzi ambaye hamjui wala hatamwona maisha yake yote. Huyo baharia pengine hajui kusoma hata herufi moja. Lakini kuna kitabu kilisomwa kwa sababu yake.

Ndo maana naamini historia ya elimu ya zama zile tunaisimulia vibaya tunapoanza na majina makubwa na vitabu vyao. Mi ningeanza na jiko na mahali pa kulala, kwa sababu bila hivyo hakuna Saidi, na wengi wa hayo majina makubwa nao wasingekuwepo.

Turudi nyuma miaka kama kumi na moja, mwaka 1331, Ibn Battuta anafika Mogadishu kwenyewe. Kawaida ya mji ilikuwa hivi, meli ikitia nanga vijana wanaifuata na mashua ndogo, kila kijana kabeba sahani ya chakula imefunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kusema huyu mgeni wangu, na kuanzia hapo mfanyabiashara yule anafikia kwa mwenyeji wake na mwenyeji ndo anasimamia kuuza na kununua kwake. Kijana mmoja akamfuata Ibn Battuta, watu wa melini wakamwambia huyu si mfanyabiashara, huyu ni fakihi. Mambo yakabadilika hapohapo. Habari ikapelekwa kwa kadhi, kadhi akashuka mwenyewe mpaka ufukweni na baadhi ya wanafunzi wake, wakasalimiana, akamwambia twende tukamsalimie Sheikh, ndivyo walivyokuwa wanamwita sultani wao. Ibn Battuta akasema nikishafikia mahali nitakwenda, akajibiwa kwamba hapa desturi ni moja, akija fakihi au sharifu, yaani mtu wa ukoo wa Mtume, haendi popote mpaka kwanza aonane na sultani.

Wakaenda. Ikaletwa sahani ya tambuu na popoo, akapewa yeye, akapewa kadhi, wanafunzi wakapewa iliyobaki, yakaletwa marashi ya waridi ya Damascus wakamiminiwa, halafu ikatoka amri kwamba mgeni apelekwe nyumba ya wanafunzi. Hapo ndo pananifurahisha kuliko pote. Mogadishu ilikuwa na nyumba maalumu ya kupokea wanafunzi, karibu na nyumba ya sultani, imetandikwa mazulia na kila kinachohitajika kimo ndani. Mgeni hakuwahi kuandika barua ya kuomba nafasi, nyumba ilikuwa inamsubiri mtu wa aina yake, yeyote atakayekuwa.

Na chakula jamani. Wali wa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake kitoweo cha kuku na nyama na samaki na mboga, ndizi ambazo hazijaiva zimepikwa kwenye maziwa, pembeni maziwa ya mgando na ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Mtu wa Lamu au wa Barawa ukimsomea hiyo orodha leo hahitaji maelezo yoyote. Walikula hivyo mara tatu kwa siku, na siku ya nne ambayo ilikuwa Ijumaa wakamletea nguo za kwendea msikitini, shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho la Jerusalem lenye bitana na kilemba cha Misri kilichotariziwa. Kadhi mwenyewe aliyekuwa anamtembeza alikuwa mtu wa asili ya Misri.

Saidi lazima alitokea kwenye mazingira haya. Alikua akiona wageni wenye vilemba wanashuka, kadhi anawafuata ufukweni, wanalazwa nyumba nzuri, wanasikilizwa. Kijana akiona hivyo miaka na miaka, siku moja kusi ikivuma na yeye anapanda.

Sasa, kwa nini kusafiri? Hili ndo swali naulizwa nikizungumzia haya mambo, kwamba si vitabu vilikuwepo, mtu si angenunua kitabu akasoma kwao? Vitabu vilikuwepo kweli, na karatasi ilishaenea kitambo. Shida ni kwamba kitabu cha mkono kinakosewa. Yeyote aliyesoma chuoni anajua be, te, the, nuni na ye zikiwa mwanzoni au katikati ya neno zinatofautiana kwa nukta tu, na waandishi wa zamani mara nyingi nukta walikuwa hawaziweki, basi jina moja la mtu kwenye mlolongo wa wapokezi lingeweza kusomwa kwa njia tatu nne na kila moja ni mtu mwingine kabisa. Utajuaje lipi ni sahihi? Kwa kumsikia mtu aliyelisikia kutoka kwa mtu aliyelisikia. Kwa hiyo kitabu bila mwalimu kilikuwa nusu ya kitu, mwalimu anasoma au anasomewa, wewe una nakala yako mkononi unasahihisha, ukimaliza anakupa ijaza kwamba fulani kasikia kitabu hiki kwangu na mimi nilikisikia kwa fulani aliyekisikia kwa fulani, mpaka kwa mtunzi, na hadithi mpaka kwa Mtume mwenyewe.

Hii desturi ilianza mapema sana. Sahaba Jabir bin Abdillah inapokewa kwamba alisikia kuna hadithi moja anayo Abdullah bin Unays kule Shamu, akanunua ngamia, akafunga safari ya mwezi mzima, akafika, akaisikia hiyo hadithi moja. Karne ya 11 Al-Khatib al-Baghdadi alishaandika kitabu kizima juu ya watu waliosafiri kutafuta hadithi, wengine hadithi moja tu kama Jabir.

Na huyuhuyu Al-Khatib ana kisa nakipenda. Alipokwenda hija alimkuta Makka bibi mmoja anaitwa Karima, asili yake upande wa Marw kule Khurasani, ambaye alikuwa na riwaya ya Sahihi Bukhari, mkusanyo maarufu wa hadithi, aliyoisikia kwa mwalimu wake Al-Kushmihani. Al-Khatib kwa wakati huo alikuwa mwanachuoni mkubwa, jina lake linajulikana Baghdad nzima, lakini akakaa mbele ya Karima akamsomea Bukhari yote kwa siku 5. Siku tano! Kitabu chenye hadithi zaidi ya 7,000 ukihesabu zilizorudiwa. Na Karima alikuwa haachii hivihivi, anayetaka kupokea kwake lazima nakala yake ilinganishwe na ya kwake. Alifariki Makka mwaka 1070 hivi, na watu kutoka pembe zote waliokuja hija waliondoka na riwaya yake kwenye mizigo yao.

Kulikuwa na mahesabu ndani yake vilevile. Mlolongo ukiwa mfupi unathaminiwa zaidi, maana watu wachache katikati ni makosa machache. Kwa hiyo mzee sana aliyesoma akiwa mtoto mdogo sana kwa mzee mwingine alikuwa hazina, na wazazi wenye akili walikuwa wanabeba watoto wadogo kabisa kuwapeleka darsani ili baada ya miaka 80 wao ndo wawe wanatafutwa. Ibn Battuta alipokaa Damascus Ramadhani ya mwaka 1326 anasema alisikia Bukhari kwenye vikao 14 kwa Al-Hajjar, mzee ambaye umri wake ulikuwa unakaribia au umeshapita miaka 100. Pale pale Damascus anamtaja pia Zaynab bint al-Kamal kati ya waliompa ijaza, bibi ambaye inasemwa ijaza zake zilikuwa mzigo wa ngamia, nyingine aliandikiwa akiwa bado mtoto na walimu wa miji ya mbali. Yeye hakuhitaji kwenda kokote, dunia ilikuwa inakuja mlangoni kwake.

Vikao hivi viliandikwa. Kwenye kurasa za nakala zilizobaki mpaka leo, hasa za Damascus, utakuta orodha: kitabu kimesomwa mahali fulani, tarehe fulani, msomaji fulani, mwandishi wa majina fulani, na waliohudhuria ni hawa, mmoja mmoja, na baba zao na babu zao. Wanavyuoni wamo, ila wamo pia mafundi na wenye maduka, wanawake, watumwa, watoto na umri wao. Mtoto mdogo sana anaandikwa kwamba alihudhuria, hawaandiki kwamba alisikia. Aliyechelewa inaandikwa sehemu iliyompita. Aliyesinzia au kupiga soga naye wakati mwingine kaandikwa hivyohivyo. Hebu fikiria uaminifu wa kiwango hicho, muuza duka wa Damascus kaingia kwenye kumbukumbu kwamba hakusikia kurasa za mwanzo, ili miaka mia baadaye mtu asije akadai amezipokea kwake.

Kwenye pesa sasa. Mabaharia wa Hili walikuwa na nadhiri, miji mikubwa ilikuwa na wakfu. Mtu ana maduka, au shamba la matunda, au kinu, au hamamu, anakiweka wakfu, hakiuzwi wala hakirithiwi tena, kodi yake yote inakwenda kwenye madrasa au msikiti, na kwenye hati anaandika wazi mwalimu apewe nini na wanafunzi wapewe nini. Waziri Nizam al-Mulk alifungua madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad mwaka 1067 kwa mtindo huo na ndo inayotajwa kila mahali, sina haja ya kuirudia. Ninayempenda ni Ibn Jubayr, mtu wa Andalusia, aliyepita Damascus mwaka 1184 akaona jinsi mgeni anayetaka kusoma anavyotunzwa, mkate wake na malazi yake vimeshughulikiwa, akaandika kuwahimiza vijana wa kwao Magharibi, kwamba anayetaka kufanikiwa ahamie huku akasome, kwa sababu kile kinachomvuruga mwanafunzi kuliko vyote, yaani kuhangaikia riziki, huku kimeondolewa. Ni kama kaka aliyetangulia mjini anaandika nyumbani kuwaambia wadogo zake njooni, huku kunalika.

Au mchukue Yaqut al-Hamawi. Alitekwa utotoni akauzwa mtumwa, akanunuliwa na mfanyabiashara wa Baghdad aliyemsomesha ili amfanyie hesabu, akaachwa huru, akawa msafiri na muuza vitabu, na mwishowe mtunzi wa kamusi kubwa ya miji. Alikaa Marw na anasema kulikuwa na maktaba kumi za wakfu, moja peke yake ikiwa na majalada 12,000 hivi, na walikuwa wanaazimisha kwa urahisi kiasi kwamba nyumbani kwake hazikukosa juzuu 200, nyingi bila kuweka rehani yoyote, wakati thamani ya kila moja ni dinari moja. Mgeni, aliyewahi kuwa mtumwa, kaaminiwa vitabu vya dinari 200 mkononi. Aliondoka kukimbia Wamongolia, na mwaka 1221 Marw ikaangamizwa, watu wake na maktaba zake. Sehemu kubwa ya aliyoyachota mle imebaki kwa sababu yeye aliyabeba akaondoka nayo.

Kubeba kwenyewe kulikuwa na hatari zake. Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 11, anasimuliwa kwamba akiwa kijana anarudi kwao Tus kutoka Jurjan wanyang'anyi waliwavamia njiani wakachukua kila kitu, akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie mfuko wenye madaftari yake, maana havina faida kwenu na mimi nimehama kwetu kwa ajili ya kuyaandika. Yule jambazi akacheka, akamwambia unadai vipi umejua na sisi tumekunyang'anya ukabaki huna kitu? Akamrudishia. Ghazali akafika nyumbani akakaa miaka mitatu anahifadhi kila alichoandika, na baadaye ndo huyo aliyekuja kufundisha Nizamiyya. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Tunis, hakubahatika namna hiyo, familia yake ilipokuwa inamfuata Misri kutoka Tunis chombo kilizama karibu na Alexandria, na mwanachuoni huyo aliyeandika kwamba elimu inayopokelewa ana kwa ana kwa mwalimu inashika zaidi kuliko nyingine, bahari ndo ilimchukulia mke na watoto.

Na kuna jambo sitaki kulipita kimyakimya. Ibn Battuta baada ya Mogadishu alilala Mombasa usiku mmoja, akafika Kilwa kwa Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Anamsifu sana kwa ukarimu wake. Lakini anasema wazi pia kwamba sultani huyo alikuwa anafanya mashambulizi bara, ngawira anatoa khumsi yake, yaani moja ya tano, na fungu la masharifu analiweka kwenye hazina peke yake, wao wakija kutoka Iraki na Hijazi anawapa. Fakiri mmoja wa Yemen aliyemuomba nguo alizovaa, kisa chake kinaishia na yeye kupewa watumwa ishirini, kumi na mwana wa sultani na kumi na sultani mwenyewe, na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Wale watumwa ishirini walikuwa watu wa huku, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja. Tunapousifia ukarimu uliowalisha wasomi inabidi tuseme pia mkono mwingine ulikuwa umeshika nini.

Humohumo Kilwa ndo nikakutana na kitu kilichonifanya niandike haya yote. Ibn Battuta anataja kwa majina masharifu aliowakuta kwa sultani: Muhammad bin Jammaz, Mansur bin Lubayda bin Abi Numayy, Muhammad bin Shumayla bin Abi Numayy, na kwamba Mogadishu alishakutana na Tabl bin Kubaysh bin Jammaz akiwa njiani kwenda kwa sultani huyohuyo. Rudi sasa juu kwa Saidi uangalie alijuana na nani Hijazi. Abu Numayy wa Makka na Mansur bin Jammaz wa Madina. Nyumba zilezile! Kijana wa Mogadishu anakwenda kuwajua wakubwa Makka na Madina, na jamaa zao wanashuka Kilwa na Mogadishu, kusi inapeleka hawa na kaskazi inaleta wale. Ukiweka hizo kurasa mbili pamoja unaona kwamba Saidi hakupotelea ugenini, alikuwa anatembea ndani ya ukoo wa watu wanaojuana kutoka Kilwa mpaka Madina. Mtu akifika mahali anataja kasoma kwa nani na anamjua nani, na mlango unafunguka.

Njia hiyo ilikuwa na watu wengine wa pembe yetu. Fakhr al-Din Uthman al-Zaylai wa Zeila alifika Cairo mwaka 1305 hivi akafundisha na kutoa fatwa mpaka alipofariki mwaka 1342 hivi, na sherehe yake ya fiqhi ya Kihanafi inasomwa mpaka leo. Na kama unadhani mwelekeo ulikuwa mmoja, kwamba elimu inatoka kwa Waarabu inakuja kwa Waafrika, kuna kisa cha Timbuktu nakirudia kwa kila atakayenisikiliza. Mansa Musa wa Mali alipokwenda hija, ile safari maarufu ya mwaka 1324, alirudi na mwanachuoni wa Hijazi anaitwa Abdurrahman al-Tamimi. Akakaa Timbuktu, akaukuta mji umejaa mafakihi weusi, akawasikiliza, akaona wanamzidi kwenye fiqhi. Akafunga mizigo akaenda Fez kusoma, halafu ndo akarudi Timbuktu kukaa nao. Namheshimu sana mtu huyu. Kaja kama zawadi kutoka nchi takatifu, wangemketisha mbele na kumbusu mkono maisha yake yote, yeye akaona bado hajafika, akarudi kuwa mwanafunzi.

Ibn Battuta mwenyewe, kusema ukweli, hakuwa mwanachuoni mkubwa kiasi hicho. Alisoma haraka, akakusanya ijaza, na ijaza zikamfungulia ukadhi wa Delhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka kwenye mji wenye madhehebu tofauti na yake na lugha asiyoimudu vizuri, ikabidi awekewe manaibu wawili. Saidi na miaka yake 28 alikuwa na elimu zaidi, mi sina wasiwasi na hilo, tofauti ni kwamba Ibn Battuta alirudi nyumbani na sultani wa Morocco akampa mtu wa kumwandikia. Saidi hakupata mwandishi, au kama alipata basi kilichoandikwa hakijatufikia.

Na hii desturi kwetu haikukatika. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu mwaka 1860, alikwenda Hadhramaut na Hijazi na mpaka Java na Cape Town, akafundisha Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1925. Rafiki yake Sayyid Ahmad bin Sumait aliyezaliwa Ngazija alipita Hadhramaut, Istanbul, Cairo, akawa kadhi Zanzibar, akafariki mwaka huohuo. Kuna walimu kwenye misikiti yetu sasa hivi ambao sanadi yao, yaani mlolongo wa walimu wao, ukiifuata inapita kwa hawa wawili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye asili ya Lamu, Pate, Siyu, Barawa, Ngazija, Unguja, popote mlipo, hata Muscat au Toronto. Makasha ya babu na bibi yana vitabu vya mkono, na mara nyingi tunaangalia katikati ya ukurasa tu, tukiona ni Qur'ani au fiqhi tunayoijua tunafunga. Angalieni ukurasa wa kwanza kabisa na wa mwisho, na pembezoni. Hapo ndo yanapoandikwa majina, nani alimsomea nani, mji gani, mwezi gani, wakfu wa nani. Pigeni picha kwenye mwanga wa mchana, msikisafishe wala kukigundisha, na kama hamsomi mwandiko wenyewe mtafuteni mwalimu wa karibu akae nanyi mstari kwa mstari. Mkikuta jina la mtu na mji aliotoka, hata kama ndo kitu pekee kinachosomeka, kiandikeni mahali pengine pia.